Picha ya Februari

"Nyinyi mmeyanywa, sisi tumebaki na mitungi," alisema Mbeyu, na Pascalia hata hakuwa amekwisha kuitua mitungi yake chini.

Maneno hayo yalisemwa bombani, Mjambere, asubuhi ya Jumamosi, mbele ya foleni iliyopinda kona. Mbeyu alikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta, mama mtu mzima wa Kigiriama aliyeuza viazi vya karai mlangoni pake kila jioni. Aliyasema akicheka, lakini macho yake hayakucheka.

"Nani ameyanywa, Mama Kahindi?"

"Wakamba wenzako wa huko milimani. Si nimesikia redioni? Wamefyeka mlima mzima, mto umekauka, na huku kwetu bomba linakohoa tu. Jumatatu tunaitwa Utange, ukumbi wa kanisa, tukaelezwe. Wataondolewa wote, mlima utiwe ua, maji yashuke."

"Na wakishaondolewa, waende wapi?"

"Mimi nitajuaje? Waje kwako. Una vyumba viwili."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Pascalia naye akacheka, kwa kuwa asiyecheka bombani hutengwa. Hakuna hata mmoja pale aliyejua kwamba habari ile ya redioni ilitoka katika ofisi yake.

Pascalia Musyoka alikuwa mchambuzi wa picha za setilaiti katika kampuni ya ushauri iitwayo Upeo wa Bonde, ghorofa ya pili, Changamwe, mahali ambapo ukifungua dirisha huingia mlio wa matrela kabla ya hewa. Kazi yake ilikuwa kuyatazama mabonde ya mito ya milimani kutoka juu na kusema ni nini kilichobadilika: wapi palikuwa na msitu na leo pana shamba, wapi palikuwa na shamba na leo pana nyumba, wapi mto umeihama njia yake. Bonde lililokuwa mezani wakati huo lilikuwa la mto Kyandula, Ukambani. Mto huo huteremka kutoka milima yenye jina lilo hilo, ukaingia Athi, na Athi hufika pwani ikiitwa Sabaki. Na kandokando ya Sabaki ndiko yanakovutwa maji yanywewayo Mombasa. Kwa hiyo mwenye kufungua bomba Mjambere likakohoa ana haki ya kuuliza habari za Kyandula. Hilo Pascalia hakulipinga. Alichokipinga ni jibu lililotolewa.

Jibu hilo lilikuwa picha mbili. Milima ile hujifunika mawingu sehemu kubwa ya mwaka, na mchambuzi hulazimika kuchukua siku yoyote ambayo anga limefunguka. Picha ya zamani ilikuwa ya mwezi wa Mei, miaka minane iliyopita, masika yametoka tu kwisha na mlima umejaa majani hadi kwenye miamba. Picha mpya ilikuwa ya mwisho wa Februari mwaka huu, safi, haina wingu hata moja. Programu ya kompyuta ikazilinganisha, ikatangaza kwamba karibu nusu ya bonde la juu imeacha kuwa mimea na imegeuka ardhi tupu. Juu ya matokeo hayo ukachorwa mstari mwekundu, na ikapendekezwa kwamba kila aliye na nyumba juu ya mstari huo ahamishwe.

Lakini Februari, katika milima ile, ndio mwezi wa mwethya, ule ujima wa majirani. Mavuno yamekwisha kuingia ghalani, mvua ya Machi haijafika. Majirani hukusanyika, leo kwa huyu, kesho kwa yule, wakachimba mitaro ya kuukata mteremko na kuurusha udongo upande wa juu, hata mlima ukawa kama ngazi. Matuta hayo ndiyo yanayouzuia udongo usiteremke mtoni. Na udongo uliochimbuliwa juzi, ukitazamwa kutoka angani, haupambanuki na udongo uliokufa. Watu walipigwa picha wakilitibu bonde, wakaandikiwa kwamba wanaliua.

Aliyeziteua picha hizo ni mkuu wa ofisi, Clifford, mtu mwerevu na mchapakazi, aliyekulia kando ya ziwa katika ardhi tambarare ya mpunga, ambako mtu akiukuta udongo mtupu Februari ana kila sababu ya kushtuka. Jumamosi ofisi hufungwa adhuhuri. Pascalia alifika kabla ya hapo, bado ana unyevu wa mitungi kwenye kiganja.

"Pascalia, jambo hili tumekwisha kulizungumza," Clifford alisema kabla hajaketi.

"Tulilizungumza nusu, Bwana Clifford. Ichukue picha ya Mei ya mwaka huu. Ipo."

"Theluthi yake ni mawingu. Wafadhili watanicheka."

"Wacheke. Kuchekwa hakumtoi mtu nyumbani kwake."

Clifford alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Nikuulize. Mama yako anaishi wapi?"

"Kyandula. Unajua."

"Juu ya mstari mwekundu, au chini yake?"

"Juu."

"Basi. Mimi sisemi kwamba unadanganya. Nasema kwamba ukisimama pale mbele za watu, hata ukiwaambia mbili na mbili ni nne, wataona unatetea boma la mama yako. Na mimi nikikuacha usimame, wataniuliza kwa nini nilikuacha. Jumatatu nitasema mimi. Wewe utaendesha kompyuta. Picha nitakayoitaja ndiyo utakayoifungua."

"Na kosa?"

"Kosa, kama lipo, litarekebishwa baadaye, mpango ukishapita."

"Watu wakishahama?"

"Pascalia, Kisauni nzima, Mjambere, Junda, Utange, hakuna maji. Nami nakaa Kisauni. Watoto wangu huoga kwa kikombe. Unataka nikae miaka mingine mitatu nikingojea mawingu yakupishe?"

Lilikuwa neno la haki, na kwa sababu hiyo lilimuudhi zaidi. Aliteremka ngazi bila kuaga.

Mama yake, Roseline, alifika Mjambere Jumapili, ibada zilipokuwa zinatoka. Alikuwa ametumwa na kundi lake la mwethya akasikilize kikao cha Utange na kurudi na habari, naye alikuja amevaa kitambaa kipya kichwani na uso wa mtu aliyetumwa. Hakutaka chai kwanza. Alitaka aonyeshwe picha.

"Hiyo ndiyo Kyandula?"

"Ndiyo, Mwaitu," Pascalia alijibu, akimwita mama kwa Kikamba kama alivyozoea.

Roseline aliinama juu ya kompyuta, mikono ameifunga mgongoni kana kwamba ameonywa asiguse. Kwa muda hakuona kitu. Kisha akaona paa la kanisa, na kutoka kwenye paa akaifuata njia, na kutoka kwenye njia akafika kwake.

"Haya! Lile ni letu. Na ile mistari ni matuta ya Februari. Tulianza kwa mjane wa kule bondeni, tukapanda hivi, hivi..." Kidole chake kilipanda hewani bila kugusa kioo. "Hapo jiwe lilitushinda tukalizunguka. Mungu wangu, hata jiwe linaonekana! Basi mbona wanasema tumeharibu? Kipofu gani aliyeitazama hii?"

"Si kipofu. Hakuijua kazi yenyewe."

"Mwambie."

"Nimemwambia."

Roseline aliendelea kupanda na kidole mpaka juu kabisa, karibu na chemchemi, ambako palikuwa na doa lililokatwa mraba, jeupe kama goti lililochubuka. Kidole kikasimama.

"Hapo papite," alisema.

"Hapapiti, Mwaitu."

"Nimesema papite. Paondoe."

Mahali pale wote wawili walipajua. Ronny, mdogo wake Pascalia, alikuwa ameikata miti iliyoizunguka chemchemi, akapanda nyanya, na kuweka pampu. Hakuchimba tuta hata moja, wala hakuwahi kuja kwenye mwethya. Picha ya Mei ya mwaka huu na picha ya Februari zote zilipaonyesha vilevile, na ukitazama tangu mwaka alipopafyeka ungeona doa likikua kuelekea majini.

"Pascalia, nisikilize. Kesho wakipaona hapo, hawatasema Ronny. Watasema Wakamba. Watasema wale wa juu. Utakuwa umewapa kijiti wanachokitafuta."

"Na nisipowaonyesha, nitakuwa nafanya kama afanyavyo mkuu wangu. Yeye anataka tuta liitwe uharibifu. Wewe unataka uharibifu uitwe si kitu."

"Usinifananishe na mtu wa ofisini!"

"Basi usiniombe analoniomba yeye."

Roseline alijiinua. Alikuwa mfupi kuliko mtoto wake, lakini Pascalia alirudi nyuma hatua. "Nilikusomesha," alisema polepole, "ili uone mbali. Sikukusomesha ili umwone ndugu yako kutoka mbinguni na kumshitaki." Akaenda kukaa uani, akamkuta Mbeyu anamenya viazi. Pascalia akasikia sauti ya mama yake ikiamkia, na ya Mbeyu ikiitikia kwa urefu wote wa adabu za pwani, hujambo mgeni, habari za safari, za nyumbani, za uliowaacha. Kisha kisu cha pili kikaanza kumenya.

Pascalia alibaki ndani. Akaifungua programu, akaipa tarehe zile zile mbili, Mei ya zamani na Februari ya mwaka huu. Hakugeuza chochote katika kanuni za hesabu za Clifford. Alibadilisha mahali tu. Safari hii hakuielekeza Kyandula.

Jumatatu ukumbi wa kanisa la Utange ulijaa mpaka watu wakasimama madirishani kwa nje. Waliotoka Junda walikaa pamoja, wa Mjambere pamoja, na mbele aliketi mwenyekiti wa watumiaji wa maji, Bwana Kalama, mstaafu wa bandari asiyependa hotuba. Alikuwa na kengele ya shule mkononi na alikusudia kuitumia. Roseline alikaa safu ya nyuma. Kando yake alikaa Mbeyu, ambaye hakuwa ameacha kumtania tangu jana.

Clifford alieleza vizuri. Alieleza jinsi setilaiti inavyopita juu ya kila mahali kila baada ya siku chache, haili, haichoki, haipendelei. Akasema, "Picha ya kwanza," na Pascalia akairusha Mei ukutani kwa projekta: mlima wa kijani kibichi. Akasema, "Picha ya pili," na Pascalia akafungua Februari. Ukumbi ukavuta pumzi. Ule ukahawia ulikuwa mkubwa kweli.

"Laana!" mtu alipaza sauti. Alikuwa Kiponda, fundi wa pikipiki wa Junda, mwenye mdomo unaotangulia mwili. "Wametukausha! Waondoke leo!"

"Na wewe Kiponda uondoke kwenye kiti cha akina mama," Bwana Kalama alisema, akapiga kengele. "Endelea, bwana mkubwa."

"Picha ya tatu ni mpango wa uhifadhi," Clifford alisema. "Pascalia, tafadhali."

Pascalia alifungua picha ya tatu. Haikuwa mpango wa uhifadhi. Ilikuwa ardhi ya chini, tambarare, yenye barabara ya lami, mapaa ya mabati, na mashamba madogo madogo. Nusu yake imepakwa rangi nyekundu ile ile ambayo programu huitumia kuonyesha uharibifu.

"Hii siyo," Clifford alisema.

"Ni picha ya tatu."

"Pascalia."

"Bwana Mwenyekiti," Pascalia alisema, na kwa kuwa alikuwa amezoea kukaa nyuma ya kompyuta, sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyotaka, "naomba watu wa Utange watuambie hapa ni wapi."

Clifford alinyoosha mkono kuifunga kompyuta. Pascalia aliweka kiganja chake juu ya vitufe, akabaki hapo. Wakatazamana. Hakuna aliyemsukuma mwenzake, na muda huo ulitosha.

"Ala! Si hapa?" alisema Florence, mkulima wa mchicha, akisimama. "Lile si paa la kanisa hili? Na ule si mti wangu wa mkwaju? Mbona shamba langu jekundu?"

"Kwa sababu, mama, hesabu ile ile iliyotumika Kyandula inasema kwamba umefyeka msitu."

"Msitu gani? Mimi?"

"Mei ile palikuwa na kijani. Februari hii pana udongo. Tarehe zile zile, kanuni ile ile. Sikugusa kitu."

"Februari!" Florence aligeuka kuutazama ukumbi mzima kama anayetafuta shahidi. "Nani mwenye mchicha Februari? Tumelima, tumechoma, tunangojea masika. Hata mtoto anajua."

"Na kule juu," mtu akauliza kutoka dirishani, "pale palipopakwa kijani sana, panapong'aa? Ndio msitu gani huo?"

Pascalia aliikuza sehemu hiyo. "Hapo programu inasema ni msitu uliotunzwa vizuri."

Kiponda akapiga paja. "Jalalani! Wallahi, hapo ni jalalani! Mibarika imeota juu ya takataka!"

Ukumbi ulivunjika. Watu walicheka hadi wakashikana mabega, na wengine hawakucheka, walisimama juu ya viti wakitafuta nyumba zao. Sauti zikapandana. Basi na sisi tuhamishwe? Tuchorewe mstari? Florence alikuwa anapiga kelele kwamba yeye haondoki, ingawa hakuna aliyemwambia aondoke. Kengele ya Bwana Kalama ililia bila kusikika, hata akasimama na kuigonga kwenye ubao wa madhabahu.

"Nyamazeni! Bwana mkubwa ana haki ya kujibu."

Clifford alikuwa amepauka, lakini hakukimbia. "Naomba kuuliza swali moja tu," alisema. "Dada Pascalia, watu hawa wanajua kwamba mama yako ana nyumba juu ya mstari mwekundu?"

Kicheko kikakatika.

"Hawajui," Pascalia alisema. "Sasa wajue. Mama yangu ni yule, safu ya nyuma, mwenye kitambaa cha buluu. Anaitwa Roseline. Matuta mliyoonyeshwa kuwa uharibifu ameyachimba yeye na majirani zake kwa mikono, ili udongo usije ukaziba mto mnaounywa. Ndiyo, namtetea. Ningekuwa simjui hata kwa jina ningesema hayo hayo, lakini hilo siwezi kuwathibitishia. Kwa hiyo nitawaonyesha kitu kingine."

Akairudisha Kyandula. Akapanda na picha hadi juu, kwenye chemchemi, akalikuza doa lile jeupe mpaka likajaa ukuta.

Safu ya nyuma, Roseline alisimama. Pascalia alimwona. Kwa kitambo kifupi alitamani picha igome, umeme ukatike, lolote. Umeme haukukatika.

"Hapa," alisema, "msiniulize ni mwezi gani. Mei ya mwaka huu ni hivi, Februari ni hivi, mwaka jana na mwaka juzi ni hivi, na kila mwaka linapanuka. Hapa msimu haujadanganya mtu. Hapa miti ilikatwa kwenye jicho la chemchemi, na maji yanavutwa kwa pampu. Aliyefanya hivyo ni Ronny Musyoka, ndugu yangu, tumbo moja. Huyu achukuliwe hatua. Wale wengine waachwe kwenye nyumba zao."

"Ahaa!" Kiponda aliruka. "Basi mwenye kutunywea maji tumempata! Kumbe ni hao hao!"

"Kaa chini, kijana," alisema Roseline kutoka nyuma, kwa sauti iliyowahi kuongoza majembe mengi. "Huyo ni mwanangu, na nitamla nyama mimi kabla yako. Wewe umesikia kabila. Binti yangu ametaja jina. Jifunze tofauti."

Kiponda alikaa. Watu walimgeukia mwanamke yule mfupi, ambaye hakuwa anamtazama binti yake hata kwa bahati mbaya.

Mbeyu ndiye aliyeomba kusema. Alisimama akijifunga leso upya kiunoni, kama anayejiandaa kubeba.

"Mimi maji nayataka," alisema. "Msinione nimekaa na mgeni mkadhani ameninunua. Jumamosi nilimwambia huyu Pascalia waje wakae kwake, nikacheka. Lakini baba yangu alikuwa na shamba si mbali na hapa. Nilikuwa msichana. Wakaja watu na ramani, wakaitandaza juu ya gari, wakasema hapa ramani inaonyesha pori tupu, hakuna mtu. Baba akawaambia, mimi nimesimama mbele yenu. Wakaitazama ramani, hawakumtazama yeye. Ile mikorosho tuliipa majina, bwana mwenyekiti. Tuliondoka na majina yake. Sasa mtu asiniambie nikinge mtungi wangu mahali ambapo mwenzangu anatolewa vivyo hivyo. Nitakunywa vipi? Mimi sikubali. Andika: Mbeyu wa Mjambere hakubali."

"Wala Florence wa Utange!"

"Wala Junda!" akasema mtu, na Kiponda, baada ya kutazama kushoto na kulia, akasema, "Mimi nakubali yule wa pampu tu."

Bwana Kalama hakungoja tena. Alisema kwamba kikao cha Kisauni hakiungi mkono kuhamishwa kwa mtu yeyote kwa picha ya Februari. Kwamba wataalamu waende Kyandula kwa miguu, mvua ikinyesha na jua likiwaka, pamoja na wenyeji. Kwamba mwenye chemchemi iliyokatwa afikishwe panapostahili. Na kwamba bomba la Mjambere na Junda lina mivujo kadha wa kadha njiani ambayo haihitaji setilaiti kuonekana. Kisha akapiga kengele mara moja, akaondoka kabla hajashukuriwa.

Uani mwa kanisa Clifford alikuwa anazungusha waya wa projekta mkononi, mzunguko baada ya mzunguko, kwa uangalifu usiohitajika.

"Ungeniambia," alisema bila kumtazama.

"Nilikuambia mara nne."

"Ungeniambia kwamba utaniaibisha."

"Ungenizuia."

Alikubali kwa kichwa. "Wafadhili watanipigia simu leo. Kesho usije ofisini, Pascalia. Barua yako itakufuata."

"Nitakuja," Pascalia alisema. "Kama kuna barua, nitaisoma nikiwa mezani pangu. Na wakati naisoma, kompyuta itakuwa inapakua picha za mwaka mzima za Kyandula, mwezi kwa mwezi, mawingu yakiwemo. Unaweza kunifukuza baada ya hapo. Kabla ya hapo, bonde lile lina kosa letu juu yake."

Clifford aliuingiza waya mkobani. "Saa mbili ofisi huwa imefunguliwa," alisema hatimaye, akaenda zake.

Roseline alikuwa amesimama kivulini mwa ukuta, simu sikioni. Pascalia alimkaribia akakaa kando, kwa umbali wa mtu asiyejua kama anatakiwa. Sauti ya Ronny ilisikika hata pale, kali, ya mtu aliyekwisha kuambiwa na wengine. Dada yake amemuuza. Dada yake amewafurahisha watu wa pwani. Nyanya zinakaribia kuiva, atazipeleka wapi?

"Hizo nyanya utazila," alisema Roseline. "Leo utaing'oa pampu. Mimi nikifika na kuikuta, nitaiteremsha mlimani kwa teke. Usinitajie dada yako! Mimi nilimwomba akufiche, akakataa. Nimekasirika naye hata siwezi kumtazama. Lakini nilichokuwa namwomba kilikuwa nini, Ronny? Ningefukuzwa mimi na mwethya mzima kwa ajili ya nyanya zako?"

Ronny akajibu kitu. Roseline alisikiliza, taya limekaza, kisha akamnyoshea Pascalia simu, bado bila kumtazama usoni.

"Anasema hatang'oa. Anasema tutajuaje, mimi mguu unanisumbua na wewe uko Mombasa. Mjibu."

Pascalia aliipokea simu.

"Ronny."

"Usiniite Ronny. Hatung'oi kitu huku. Utafanya nini?"

"Nitatazama," Pascalia alisema. "Ijumaa setilaiti inapita juu yako tena. Ijumaa inayofuata kuna nyingine. Hainiombi ruhusa na haikuombi wewe. Kila ikipita nitaifungua picha, na kama pampu ipo nitaipeleka panapostahili kwa jina lako, si kwa jina la mlima."

Upande wa pili upepo wa milimani ukapuliza ndani ya simu, kisha ukasikika mlio wa bomba la chuma la pampu likitupwa chini kwa hasira.